Jina Langu Mmelificha Kawangware

Mume wangu Owuor,

Kwani hiyo Kawangware imehamishwa ng'ambo ya bahari? Nauliza kwa sababu mimi ninaijua iko hapo tu. Unapanda kutoka hapa kwetu Gatwekera, unapita Makina, unavuka Ngong Road, unatembea kidogo ukilalamikia jua, umefika. Hiyo njia nimeitembea na wewe mgongoni na beseni ya nguo kichwani. Leo una viatu vizuri, una nauli, pikipiki za kubeba watu ziko kila kona, na mimi tangu ile mvua kubwa iishe sijaona hata kivuli chako. Simu ndiyo inanitembelea. Inalia kidogo, inasema pesa imeingia. Pesa imeingia, wewe hujaingia. Sasa nimpikie nani chai, simu?

Usianze na maneno ya kazi. Kazi hata mimi nimefanya, na bado nilikuwa nazika wafu wa watu na kuwaona wazazi wa watu. Nikikupigia unasema, "Niaje mrembo wangu," unanichekesha kidogo, halafu nikikuuliza mtakuja lini, mtandao unapotea. Mtandao wako una akili sana. Unajua neno la kupotelea. Ndiyo maana nimemketisha jirani yetu Zainabu hapa na kalamu. Unajua mimi shule sikuingia hata ya kuchungulia dirishani. Zainabu anaandika vile ninasema, na akinipamba nitamjua kwa uso. Barua ukishaishika mkononi huwezi kusema husikii.

Nisikuzungushe. Najua kwa nini huji. Huyo mtoto wenu haitwi Blessing. Anaitwa Akoth. Mmempa jina langu, mkanificha mimi mwenye jina, na ili nisije nikalisikia mkamficha na mtoto mwenyewe.

Ni Zainabu amejua. Juzi alikwenda Kawangware kumwona binti yake, akapita sokoni kutafuta shuka za mtumba. Akiwa ameinama anavuta shuka, akasikia mwanamke nyuma yake anaita, "Akoth. Akoth, rudi hapa, wacha nyanya za watu." Zainabu akageuka haraka akidhani nimemfuata mpaka huko nikaanza kuiba nyanya. Akamwona Njeri wako, na mbele yake kitoto kimekumbatia nyanya mbili kifuani kama mtu anayehama. Njeri kumwona Zainabu akashika mdomo. Halafu akaamua kuutoa mkono, akasema yote.

Alisema, "Mama Zainabu, mimi nimechoka. Kwetu msichana wa kwanza anapewa jina la mama ya baba. Mama yake Owuor hayuko, aliyemlea ni Dani, bibi yake, kwa hivyo nikampa jina la Dani. Nilidhani nimefanya jambo kubwa. Sasa Owuor anasema Dani akijua atashtuka afe."

Zainabu akamuuliza ni nani amemwingizia hayo. Akasema ni mzee wenu wa ukoo, Okech. Ati alikuita kando akakuambia, "Unampa mtoto jina la mtu anayepumua? Unamchimbia bibi yako kaburi na kijiko." Na wewe, mwanaume mzima mwenye ndevu, ukaenda ukanunua Blessing.

Okech hakukudanganya. Nakuambia hivyo mapema usije ukadhani nitamtukana tu, ingawa nitamtukana baadaye. Hayo ndiyo tuliyolelewa nayo, na wewe mwenyewe ulipata jina lako kwa njia hiyo.

Ulizaliwa unalia kama mtu aliyenyang'anywa shamba. Ulikataa titi, ulikataa kubembelezwa. Majirani walianza kugonga mabati. Mama yako naye akaanza kulia, nyumba ikawa matanga bila maiti. Nikakuchukua nikakulaza kwa mapaja, nikaanza kukuitia wafu wetu mmoja mmoja, vile mama yangu alifanya, na mama yake. Nikamwita mjomba wangu aliyekufa maji. Ukalia. Nikamwita ndugu yake babu yako, yule mkali. Ukalia zaidi, na sikukulaumu. Jina la babu yako mwenyewe sikutaka kulitaja. Udongo wake ulikuwa bado mbichi na nilikuwa na hasira naye kwa kuniacha na deni la maneno mengi. Mwishowe nikasema polepole tu, "Owuor?" Ukanyamaza. Ukafungua jicho moja. Ukajamba, ukalala.

Mama yako akafuta machozi akasema, "Ni yeye kabisa."

Hiyo ndiyo sheria ninayoijua. Jina linamfungulia mlango aliyekwenda, anarudi. Sasa mtu ambaye hajaondoka ukimpa mtoto jina lake, ni kama unamwambia, toka kwanza ndiyo urudi. Kwa hivyo Okech alisema vile wazee husema. Shida yake ni kuwa hakuja kuniuliza mimi mwenye pumzi.

Na ndiyo maana nikakuita mume wangu. Kila bibi wa kwetu humtania mjukuu hivyo, lakini mimi nilikuwa na haki zaidi yao, kwa sababu nilikuwa nimekuita mwenyewe ukarudi. Mama yako alipotutoka, na baba yako akaenda Mombasa kutafuta kazi akapata kazi na mke mwingine, tulibaki mimi na wewe katika chumba kimoja kama watu waliooana juzi. Unakumbuka siku ulileta sukari? Ile ya dukani ya kufungwa kwa karatasi, kidogo, ya vikombe viwili. Ulisimama mlangoni kaptura imepasuka nyuma, ukatoa sauti nzito ambayo sijui uliiazima wapi, ukasema, "Mke wangu, pika chai. Nimetoka kazini."

Nikakuuliza, "Kazi gani hiyo inatoa kamasi?"

"Ya kubeba," ukasema.

Ulikuwa umembebea mwenye duka maji, kamtungi kadogo. Nilipika chai hiyo nikakupa kikombe cha babu yako, kile kikubwa, ukanywa mpaka tumbo likakaza. Tangu siku hiyo hakuna mwanaume ameniambia kitu cha kunishangaza.

Jumamosi nilikuwa nakwenda na wewe Nyayo Highrise kufua. Ulikuwa unakaa kwenye ngazi unahesabu viatu vya watu wakipanda. Yule mama mpole wa juu, mwenye mapazia ya kijani, siku moja alikuita ndani unawe mikono ule mkate. Ukafungua mfereji. Ukafunga. Ukafungua tena. Ukamuuliza, "Laini iko wapi?" Akasema, laini gani? Ukasema, "Ya watu wanaopanga mitungi ya maji." Huyo mama alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nasuuza. Tukishuka kwenda nyumbani ukaniambia ukiwa mkubwa utaniwekea mfereji ndani ya nyumba, na mimi nikakuambia uanze na kushona kaptura. Sasa wewe una mfereji ndani huko kwenye fleti za baba mkwe wako, unafungua na kufunga unavyotaka. Nafurahi. Sisemi kwa wivu. Mtoto akifungua maji bila kuuliza laini iko wapi, hiyo ni kazi yangu imefika.

Na makaa, Owuor, unakumbuka makaa? Siku hizo mtu hakuwasha kiberiti kama jirani ana moto. Nilikuwa nakutuma na kifuniko cha mkebe, nakuambia, nenda kwa fulani uombe makaa, na upulize njiani yasizime. Ulikuwa unakaa huko. Unarudi mdomo umeng'aa mafuta, makaa yamekuwa majivu. Nakuuliza, "Moto uko wapi?" Unasema, "Dani, walikuwa wanakula." Kumbe wewe unakwenda kupuliza tumbo. Lakini kwa hayo makaa nilijua kila mlango. Nilijua nani amepika na nani amechemsha maji tu ili watoto waone sufuria iko motoni. Na waliokuja kwangu walijua yangu.

Sasa kila mtu ana gesi. Hata mimi ninayo, ile uliyoniletea, na siwezi kusema ni mbaya kwa sababu macho yangu yameacha kutoa machozi ya moshi. Lakini gesi huwezi kumpa jirani na kijiko. Mtu anawasha yake, anafunga mlango, anakula na televisheni. Hata matanga sasa wanaita kwa simu, unawekwa kwa kundi la watu usiowajua, mmoja anatuma picha ya mshumaa, amemaliza kulia.

Na majina yalikwenda na makaa. Zamani nikipita hapa nilikuwa naitwa kila hatua. Akoth, una moto? Akoth, umelalaje? Akoth, mjukuu wako amekula kwangu, usimpikie. Leo mimi ni Dani, kwa wengine ni Shosho, kwa vijana wa pikipiki ni Mathe, kwa wale wa fleti ni mama wa nguo. Waliokuwa wananiita Akoth wameisha. Mama yangu alikwenda. Babu yako alikwenda. Wenzangu wa kufua, wengine walirudi nyumbani ziwani, wengine wako udongoni. Amebaki Zainabu peke yake, na yeye ana presha.

Zainabu amesimamisha kalamu hapa. Anasema presha yake si ya kuandikwa. Nimemwambia aandike.

Sasa nikukumbushe siku ile ya mwisho mliyokuja, kwa sababu nimelala nikiifikiria tangu Zainabu arudi. Mtoto alikuwa ameanza kusimama akishika kiti. Nikamwita, "Blessing, njoo kwa dani." Hakugeuka. Nikaita tena kwa sauti. Anacheza na kijiko chake kana kwamba mimi ni redio ya jirani. Nikapiga makofi, akageukia makofi. Nikaita Blessing, hakuna mtu. Nikakuangalia wewe, ukaangalia chini. Nikamwangalia Njeri, akaanza kukunja leso iliyokuwa imekunjwa tayari.

Nikasema, "Owuor, huyu mtoto hasikii. Mpeleke akaangaliwe masikio."

Ukasema, "Sawa, Dani."

Sawa, Dani. Unaniangalia hivi unasema sawa. Mimi niliwaombesha akina mama wa kanisa masikio ya mtoto ambaye anasikia kuliko mbwa. Tulisimama, tukashikana mikono, tukalia. Mama mmoja alifunga kula kwa ajili hiyo. Sasa nitawaambia nini? Nitawaambia Mungu amejibu, sitasema zaidi.

Na siku hiyohiyo, kabla hamjatoka, Zainabu alikuja na bakuli lake la mbaazi, akaita pale nje vile huita siku zote: "Akoth, fungua." Mtoto akaacha kijiko. Akageuza kichwa mlangoni na uso wote ukafunguka. Mimi nikadhani amependa harufu ya mbaazi. Wewe ukasimama ukasema mmechelewa. Ni hapo mliondoka, na hamjarudi. Alikuwa amejifunza jina lake, na hamngeweza tena kumleta.

Nisikudanganye, mume wangu. Zainabu aliponiambia, niliuacha uji jikoni. Nilikaa kitandani nikashika kifua kama kina mtu ndani. Nilifikiria maneno ya mama yangu. Nilifikiria ni nini hiki kinachoniuma begani wiki hii, ni mzigo au ni hilo jina limeanza kunivuta? Nilikaa hivyo mpaka uji ukashika sufuria. Wewe ulinijua vizuri ulipodhani nitaogopa. Niliogopa.

Kisha nikanusa uji unaungua, nikasimama kuutoa, na nikasimama bila shida. Begani ni mzigo. Niliinua ndoo vibaya.

Nikaanza kufikiria nikikwangua sufuria. Huyo mtoto ana zaidi ya mwaka anaitwa jina hilo asubuhi na jioni, na mimi nimekuwa nikila, nikilala, nikigombana na watu wa maji. Kama jina lingekuwa linaua, Zainabu angekuta matanga. Nitakufa, Owuor, hiyo ondoa mashaka. Nitakufa kwa sababu nimezeeka na magoti yangu yanalia kama mlango. Mtoto asiwekewe hesabu hiyo kichwani. Nikifa kesho, Okech asije akamwangalia huyo msichana kwa jicho la kando. Ukimwona anafanya hivyo umfukuze hapo matangani kwangu, mbele za watu, na uwaambie ni mimi nimesema. Iko hapa kwa maandishi.

Halafu nikafikiria kwa nini tuliwapa watoto majina ya waliokufa. Ni ili wasisahaulike, si ndiyo? Ni ili mtu aendelee kuitwa. Sasa mimi niko hai na nilikuwa nimebaki kinywani mwa mtu mmoja. Wewe uliniogopea kifo mpaka ukaacha kunitembelea, ukanificha mtoto, ukanitumia pesa kama mtu anayechangia maziko. Uliogopa jina lisije likanizika, ukanizika wewe. Hilo ndilo lililoniuma. Jina halikuniuma hivyo.

Nataka umwambie Njeri maneno haya, na usiyapunguze. Mwambie mimi sina neno naye. Siku tulipokwenda kwao, wakakuwekea wasichana waliofunikwa leso toka kichwani, umtambue Njeri kati yao, na wewe ukaanza kutetemeka kama kuku wa mvua, ni nani alikunong'oneza? Nilikuambia, "Wacha leso, angalia visigino." Nilikuwa navijua. Alipokuja kwangu mara ya kwanza matope ya Gatwekera yalimvua kiatu, na hakupiga kelele wala hakukunja pua. Aliingia na mguu mmoja wazi, akaniamkia kwanza, ndipo akaomba maji. Nilimwosha miguu kwa mikono hii, na nikasema moyoni, huyu ni mke mwenzangu. Mtu ukishamwosha miguu huwezi kumkosa hata akifunikwa na hema.

Najua kwao, bibi, yule wanamwita shosho, akisikia amezaliwa mtoto wa jina lake, kuku anachinjwa, watu wanaimba. Mimi sikuimba. Mwambie sikujua kuna wimbo.

Kuna jambo moja tu nililotaka kubishana nalo. Mimi niliitwa Akoth kwa sababu mama yangu alinizalia shambani mvua ikinyesha, jembe likiwa bado mkononi. Akoth ni wa mvua. Huyu wenu amezaliwa wakati wa jua la kupasua midomo, hata paka walikuwa wanatembea kwa kivuli. Kwa kwetu hapo hakuna Akoth, hapo ni Achieng. Nikataka kusema mmekosea hata hilo. Lakini nikajijibu mwenyewe. Njeri hakuwa anafikiria mvua. Njeri hakumpa mtoto mvua. Alimpa mimi.

Hapo nikaacha sufuria, nikakaa chini, nikalia kidogo. Zainabu ndiye shahidi, na anatingisha kichwa akiandika.

Sasa sikiliza, kwa sababu karatasi inaisha na Zainabu anataka kwenda kuswali. Mtakuja Jumapili hii, nikitoka kanisani. Si ile nyingine. Msilete mkate, msilete soda, mimi nitapika. Mtangulize Njeri aingie kwanza, wewe ufuate nyuma kama mtu mwenye kesi. Hilo jina la Blessing liacheni Kawangware, mumpe mwenye shida nalo. Okech nimeshamwita naye, aje anywe chai yangu na anieleze kijiko hicho cha kaburi kina ukubwa gani.

Na mkifika, mtoto mwekeni chini pale mlangoni, juu ya miguu yake. Mtu yeyote asimwite. Njeri asimwite, na wewe ufunge mdomo hata kama anakwenda kwenye jiko. Niachieni mimi. Hilo jina nimeitika tangu nizaliwe, Owuor, na sijawahi kuliita hata siku moja. Nataka niliite mwenyewe, kwa mdomo wangu, nione anavyogeuka.

Ni mimi mke wako wa kwanza,
dani yako.